Sindano ya kupunguza mwili na nusu kaputi: usiifiche kwa atakayekulaza

Swali: "Assalaam alaykum daktari. Nina miaka 39, naishi Tanga, nina watoto watatu na sitarajii kuzaa tena. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nimekuwa nikijichoma semaglutide kila Ijumaa. Nilikuwa na kilo 104, sasa nina 83, na mwezi uliopita pekee zimeondoka kilo 2. Tatizo ni ngozi ya tumbo, imening'inia na chini yake inanitoka vipele. Baada ya wiki 5 nakwenda Istanbul kukatwa ngozi hiyo na kunyonywa mafuta ya ubavuni, nimeshalipa nusu. Kwenye fomu niliandika situmii dawa yoyote, kwa sababu sindano ananiletea rafiki kutoka Dubai na nyumbani hakuna anayejua isipokuwa dada yangu. Rafiki anasema nikiacha wiki moja kabla inatosha, mwingine anasema nisiache kabisa. Wiki 3 zilizopita nilipanda kutoka miligramu 1.7 hadi 2.4, na tangu hapo nacheua sana na kichefuchefu hakiishi. Nifuate lipi?"

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, kuna jambo moja nakuomba ulifanye leo hii: waandikie hao wa Istanbul, uirekebishe ile fomu. Mengine yote nitakayokueleza yanasimama juu ya hilo. Atakayekulaza siku hiyo hajawahi kukuona. Anachokijua juu ya mwili wako ni kile kilichoandikwa, na karatasi ikisema hutumii dawa, atakulaza kama mtu asiyetumia dawa.

Mimi ni daktari wa usingizi. Kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu imekuwa kuwalaza watu wapasuliwe na kuwaamsha salama, kwa hiyo nalieleza jambo hili nikiwa nimesimama upande wa kichwa cha mgonjwa, pale ambapo hatari yenyewe hutokea.

Semaglutide inaiga homoni iitwayo GLP-1, ambayo utumbo wako mwenyewe huitoa ukishakula. Homoni hiyo huuarifu ubongo kwamba umeshiba, huisaidia kongosho kutoa insulini, na huufanya mfuko wa chakula uchelewe kumwaga kilichomo kwenda kwenye utumbo. Ndiyo maana sahani uliyokuwa ukiimaliza zamani sasa inakushinda. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida, na huko kukaa ni sehemu ya dawa kufanya kazi.

Sasa fikiria kupaliwa. Tone la chai likikosea njia, unakohoa mpaka machozi yanatoka, na kikohozi hicho ndicho kinachokuokoa. Ukishapigwa nusu kaputi, kikohozi hakipo. Misuli inayofunga mdomo wa mfuko wa chakula hulegea, kilichomo hupanda hadi kooni kimyakimya, na pumzi inayofuata hukivuta mapafuni. Vipande huziba njia za hewa, asidi huunguza mapafu. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York aliandika juu ya wajawazito waliopata balaa hili walipolazwa wakati wa kujifungua, na tangu hapo sisi wa usingizi tunalichunga tumbo la mgonjwa kama tunavyolichunga pigo la moyo wake. Kanuni tunayoitumia ni saa 6 tangu mlo mwepesi, saa 8 au zaidi tangu mlo wa mafuta na nyama, saa 2 tangu maji au kinywaji kingine kilichochujwa, kisicho na maziwa. Kanuni hiyo ilipangwa kwa tumbo linalofanya kazi kwa mwendo wake wa kawaida. La kwako haliendi tena kwa mwendo huo.

Kuna mama mmoja ambaye simsahau. Alikuja kunyonywa mafuta ya mapaja na mikono. Alikuwa amefunga tangu saa 2 usiku, na nilipomwona ilikuwa saa 3 asubuhi, yaani saa 13 bila kutia kitu mdomoni. Mumewe alikaa pembeni akiwa ameshika mkoba wake. Nikamuuliza dawa anazotumia, akasema, "Hakuna daktari, labda Panadol." Lakini nilipomfunga kifaa cha kupimia presha niliiona ngozi ya mkono, imelegea namna ile ya mtu aliyekonda kwa haraka, nikamwomba mumewe atupishe kidogo. Mlango ulipofungwa, yule mama akanishika kiganja. "Nachoma, daktari. Kila Jumapili. Yeye anajua ni chai ya majani."

Nikaleta mashine ya altrasaundi, nikampaka jeli chini ya kifua. Mfuko mtupu huonekana kama kiduara kidogo kilichojikunja. Wa kwake ulikuwa umetanuka, na ndani yake chembe nyeupe zilikuwa zinaelea na kuzunguka kila alipovuta pumzi. Nikamuuliza alikula nini jana. Wali na maharage, akasema, vijiko vinne tu, hata sahani hakumaliza. Vijiko hivyo vinne vilikuwa bado vipo pale, mbele ya macho yetu wote wawili.

Tuliahirisha. Alilia, na nilimwelewa, maana alikuwa ameomba likizo, amelipa, amejipanga miezi. Alirudi baada ya wiki 5 akiwa amejiandaa, tumbo likiwa tupu, na kila kitu kilikwenda vizuri. Huwa nafikiria ingekuwaje kama mumewe asingetoka chumbani.

Dada yangu, kwetu watu wanaificha sindano hii kuliko wanavyoficha madeni. Anayekonda anaogopa kuambiwa anaumwa, na akisema ni sindano anaogopa kuambiwa mvivu. Unene ni maradhi na dawa yake ni dawa kama ya presha, huna cha kuonea haya. Lakini hata kama hutaki mama mkwe wala majirani wajue, daktari anabanwa na siri ya mgonjwa. Una haki ya kusema, "Naomba nizungumze na daktari wa usingizi peke yangu." Sema hivyo hata kama aliyekusindikiza ni mume au mama yako mzazi.

Tuje kwenye swali lako la kuacha au kutoacha. Rafiki zako wawili hawakukudanganya, kila mmoja ameshika kipande cha ushauri wa wakati tofauti. Juni 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri kwamba wanaochoma mara moja kwa wiki waruke sindano kwa wiki moja kabla ya upasuaji, na wanaotumia dawa ya kila siku kama liraglutide wasiitumie siku yenyewe. Oktoba 2024 chama hichohicho, pamoja na vyama vya madaktari wa tumbo na wa upasuaji wa unene, vikatoa mwongozo mwingine: wagonjwa wengi wanaweza kuendelea na dawa, lakini kila mmoja apimwe hatari yake, na wenye hatari kubwa wajiandae kwa namna ya pekee. Mapema 2025 wataalamu wa Uingereza nao wakaelekea hukohuko. Mwezi Novemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza kwenye karatasi za dawa hizi onyo la kupaliwa wakati wa usingizi wa upasuaji.

Kwa nini walibadili? Piga hesabu nami. Semaglutide hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya wiki moja hivi. Ukiruka sindano moja, siku ya upasuaji nusu yake bado imo. Wiki mbili, robo. Ili iishe karibu yote unahitaji kama wiki 5. Tirzepatide, ile ya Mounjaro, huwahi kidogo, nusu yake hutoka kwa siku 5. Wiki moja peke yake, basi, inakupa matumaini zaidi ya usalama. Wiki 5 nazo zina gharama: njaa inarudi, na uzito unarudi nayo. Waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutide walirudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Mwenye kisukari ndiye asiiache kabisa bila daktari wake, sukari inaweza kupanda, na sukari iliyopanda huchelewesha kidonda kupona.

Jambo lingine ambalo watu hawaambiwi ni kwamba tumbo huizoea dawa. Kuchelewa kwa chakula huwa kukubwa zaidi mwanzoni na kila unapopandisha dozi, kisha hupungua mwili ukishazoea. Anayeichoma dozi ileile kwa miezi bila kichefuchefu wala tumbo kujaa hayuko sawa na aliyepanda dozi juzi.

Wewe uko kundi hilo la pili, na hapa nitasema wazi: kwa maelezo yako, nisingekulaza baada ya wiki 5. Umepanda dozi wiki 3 zilizopita, unacheua, una kichefuchefu. Dalili hizo zinaniambia kwamba tumbo limejaa wakati linapotakiwa kuwa tupu. Upasuaji wako hauna dharura yoyote, ngozi haitakimbia. Zungumza na daktari kuhusu kurudi 1.7 au kubaki kwenye dozi moja isiyokutesa, halafu usubiri mpaka dalili ziishe kabisa. Omba wakusogezee tarehe, usiifute. Malipo ya nusu mara nyingi huhamishwa kwenye tarehe mpya, na hata yasipohamishwa ningekushauri vilevile.

Zaidi ya hapo, bado unapungua. Anayekata ngozi ya tumbo anataka uzito uwe umetulia miezi 3 kwa uchache, na 6 ni bora. Ukikatwa leo kisha ukapungua kilo 8, ngozi italegea tena chini ya mshono mpya.

Muda huo wa kusubiri usiupoteze, kwa sababu ndio wa kujenga mwili. Ninaowaona wamekonda kwa sindano wengi wamekonda na misuli, wanakula kidogo na kidogo chenyewe ni chai na mkate. Kidonda cha kukata tumbo kinatoka nyonga hadi nyonga, hakiponi kwa chai na mkate. Kwa uzito wako lenga gramu 90 hadi 100 za protini kwa siku. Nayo inapatikana nyumbani: mayai mawili asubuhi, kipande cha samaki cha gramu 150 mchana, glasi mbili za maziwa au mtindi, kikombe cha maharage, na konzi ya dagaa wakavu. Anza na hivyo kabla ya wali, maana tumbo lako linashiba upesi na kilichotangulia ndicho kitakachoingia. Kapime wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, albumini (protini ya kwenye damu), vitamini B12 na D, na figo. Mwanamke mwenye hedhi ambaye hali vizuri huwa na damu kidogo bila kujua, na ni rahisi kuijenga kwa vidonge hapa Tanga kuliko kuongezewa damu ya mtu ughaibuni.

Siku moja kabla ya upasuaji, kwa mtu kama wewe, mwongozo unataka saa 24 za vinywaji tu. Hakuna kutafuna kitu. Supu iliyochujwa, chai ya rangi, juisi iliyochujwa, maji ya dafu. Mtori na uji mzito usiviingize kwenye hesabu hiyo, vinaonekana kama vinywaji lakini tumboni ni chakula, na maziwa nayo tunayahesabu kama chakula. Asubuhi ya upasuaji ni maji matupu, mpaka saa watakayokupangia. Usikae siku nzima bila hata maji ukidhani unaongeza usalama. Utafika umekauka, na mishipa itatafutwa kwa shida.

Ukifika, omba upimwe tumbo kwa altrasaundi kabla ya kulazwa. Ni kipimo cha dakika chache, hakiumi. Likionekana na kitu, daktari ana njia mbili: kuahirisha, au kukuchukulia kama mtu mwenye tumbo lililojaa, yaani anakulaza haraka na kukuwekea mpira wa kupumulia papo hapo, ule wenye puto linaloziba njia ili kisipite kitu kuelekea mapafuni. Kwa upasuaji usio wa haraka mimi huahirisha.

Kuwa makini na neno "usingizi mwepesi". Kliniki nyingi za urembo hulitumia kumtuliza mteja: hakuna nusu kaputi, utasinzia tu. Kwa mtu mwenye sindano hii usinzio mzito bila mpira wa kupumulia unaweza kuwa na hatari zaidi, kwa sababu kikohozi kimefifia na hakuna kinachoilinda njia ya hewa. Ama uwe macho kweli na ganzi, ama ulazwe kamili na njia ya hewa ilindwe. Waulize ni lipi kati ya hayo mawili, na ni daktari wa usingizi mwenyewe atakayekaa kichwani kwako au ni msaidizi wa mpasuaji.

Safari nayo ina yake. Kukata tumbo ni miongoni mwa upasuaji wa urembo unaoongoza kwa damu kuganda miguuni, na donge hilo likipanda mapafuni linaua. Ukiongeza saa nyingi za kukaa kwenye kiti cha ndege kutoka Istanbul hadi Dar es Salaam, unaongeza hatari juu ya hatari. Ushauri wa kawaida Uingereza ni kungoja siku 7 hadi 10 baada ya kukatwa tumbo kabla ya kupanda ndege. Mimi huwaambia wangu wiki 2, kwa sababu ndani ya siku hizo ndipo mshono unapofumuka au maji yanapojikusanya chini ya ngozi, na ni vyema aliyekupasua awe karibu. Vifurushi vya siku 5 na hoteli ndani yake havikupangwa kwa kuangalia mshono wako. Tembea tangu siku ya kwanza hata kama umeinama, vaa soksi za kubana, choma sindano ya kuzuia damu kuganda kama utaandikiwa. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, waeleze mapema, navyo vinaongeza kuganda. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi inakata ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Upasuaji wa namna hii siku hizi unafanyika hata hapa nyumbani. Hospitali ya Mloganzila ya Dar es Salaam, kwa mfano, imekuwa ikiufanya. Sikuzuii kwenda Istanbul, kuna wapasuaji hodari huko. Nataka ujue tu kwamba kuna faida ya kupasuliwa mahali unapoweza kurudi kwa basi mshono ukianza kutoa maji.

Kuhusu kalamu za sindano zinazotoka Dubai mkononi mwa rafiki: dawa hii ambayo haijafunguliwa inahifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na joto la begi lililosahaulika uwanja wa ndege linaiharibu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutide bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na mwaka 2023 huko Austria kuna watu waliolazwa hospitalini kwa kushuka sukari baada ya kujichoma kalamu bandia. Piga picha ya boksi lako, namba ya toleo ionekane, mwoneshe mfamasia. Daktari wa usingizi akikuuliza unachoma nini, jibu liwe la uhakika.

Mengine kwa ufupi. Ukiwa unatumia na vidonge vya kukata hamu ya kula vyenye phentermine, taja, vinasumbua moyo na presha wakati wa usingizi na vinatakiwa kuachwa siku kadhaa kabla. Vidonge vya sukari vya jamii ya empagliflozin na dapagliflozin huachwa siku 3 kabla, kwa maelekezo ya daktari. Aspirini, diclofenac, mafuta ya samaki, vidonge vya vitunguu saumu, habasoda na chai za kukondesha, vyote viseme, vingine vinaongeza kutoka damu. Sigara na shisha ziache wiki 4 kabla, ngozi iliyokatwa tumboni hufa kingo kwa mvutaji.

Baada ya upasuaji usiikimbilie sindano. Ngoja mpaka unakula vizuri, hutapiki na umepata choo, kwani kutapika na mshono mpya wa tumbo ni mateso, na wiki hizo ndizo mwili unapohitaji chakula kuliko wakati wowote. Ukiwa umekosa sindano mbili mfululizo au zaidi, usirudie dozi ileile ya juu. Muulize daktari, huenda ukaanza chini upya.

Ujumbe wa kuwatumia leo uwe hivi, na dada yako anayejua Kiingereza akufasirie: "Nilikosea kwenye fomu. Natumia semaglutide mara moja kwa wiki tangu miezi 14 iliyopita. Dozi yangu sasa ni miligramu 2.4, niliipandisha wiki 3 zilizopita. Nachoma kila Ijumaa. Nina kichefuchefu na nacheua. Naomba kuzungumza na daktari wa usingizi kwa simu, na naomba tarehe isogezwe." Wakikujibu kwamba si tatizo, njoo tu kama ilivyopangwa, bila daktari wa usingizi kukupigia, usipande ndege hiyo.